Barua ya wazi kwa wakuu wa vitivo vya saikolojia Lubumbashi: kila somo lipewe wiki yake, kitabu cha kielektroniki cha wanafunzi

Kwa Wakuu wa Vitivo vya Saikolojia na Sayansi za Elimu,
Kwa Makatibu Wakuu wa Masomo,
Kwa Wakuu wa Idara na maprofesa wenye masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili,
Lubumbashi

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni asistanti wa saikolojia hapa mjini, mmoja wa wale mnaowaachia mazoezi, masahihisho na foleni ya wanafunzi wanaolalamikia alama. Nawaandikia hadharani kwa sababu ombi langu linagusa vyuo vyetu vyote, na kwa sababu wanafunzi pamoja na wazazi wanaohangaika kulipa minerval, yaani ada ya masomo, wana haki ya kulisikia.

Naomba hivi: kuanzia mwaka ujao wa masomo, kila somo la msingi la saikolojia lipewe wiki yake. Namaanisha kitabu cha kielektroniki ambacho wanafunzi wenyewe wanakiandika na kukisahihisha ukurasa kwa ukurasa, chini ya jicho la profesa na asistanti, na ambacho promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja) inayomaliza inaikabidhi promosheni inayoingia.

Wengi wenu mmeachana na masahihisho siku nyingi, kwa hiyo niruhusuni nieleze rundo la TP, yaani kazi za vitendo za wanafunzi, linafananaje siku hizi. Jalada lina nembo ya chuo, jina la somo, jina la profesa na vyeo vyake vyote, kisha orodha ya wanakikundi. Orodha inajaza nusu ya ukurasa, na jina la mwisho mara nyingi limeongezwa kwa kalamu baada ya kazi kuchapwa. Ndani kuna utangulizi niliokwisha kuusoma katika TP ya mwaka juzi, koma kwa koma. Ukiuliza polepole, bila vitisho, utaambiwa ukweli: mmoja aliandika, mwingine alipeleka kwenye sekretariati ya kuchapisha pale nje ya chuo, waliobaki walichangia franka za fotokopi. Wote wanapata alama ile ile. Kisha karatasi zinafungiwa kabatini mpaka kabati lijae, na baada ya hapo nimeziona sokoni zikifungia karanga. Kazi ya muhula mzima inaishia hapo. Hakuna mwanafunzi wa mwaka unaofuata atakayeisoma, hata kama ndani yake mlikuwa na kurasa mbili nzuri kweli.

Silabasi, kijitabu cha maandishi ya profesa kuhusu somo lake, nayo imechoka. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Katika ile ya saikolojia ya jumla ambayo nimefanya nayo kazi, mchoro wa mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus wa mwaka 1885, unaoonyesha kwamba tunasahau mengi katika saa za mwanzo na kisha kasi inapungua, umebaki doa jeusi lenye mistari miwili pembeni. Mwanafunzi anakariri maelezo ya mchoro asioweza kuuona. Jina la mwanasaikolojia Mrusi Vygotsky limekosewa katika kurasa tatu kwa namna tatu tofauti, na kosa hilo linarithiwa promosheni hata promosheni, kwa kuwa hakuna mwenye ruhusa ya kuligusa isipokuwa mwandishi, na faili la mwandishi lilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa zamani.

Wiki haikuzaliwa jana. Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, alifungua ya kwanza Machi 1995 ili wenzake waweze kuandika pamoja yale waliyojifunza kazini. Wikipedia ikafuata Januari 2001, na leo sijui mwanafunzi asiyeifungua, hata yule aliyekatazwa kuitaja kwenye marejeo. Wanasaikolojia wenyewe waliona mapema kwamba kuikataza hakusaidii: mwaka 2011 Association for Psychological Science, chama chao chenye makao Marekani, kiliwaita wanachama warekebishe makala za saikolojia katika Wikipedia na wawape wanafunzi kazi hiyo kuwa sehemu ya masomo. Ninachoomba mimi ni kidogo kuliko hicho. Ni wiki ya ndani, inayosomwa na waliomo kwenye somo tu. Kila mmoja anaingia kwa jina lake. Akigusa ukurasa, programu inahifadhi toleo la zamani na jipya, tarehe na saa, na inaonyesha ubavu kwa ubavu neno lililofutwa na neno lililoongezwa. Mtu akiharibu ukurasa, unarudishwa ulivyokuwa papo hapo. Na kila ukurasa una sehemu ya majadiliano, mahali ambapo wanafunzi wanaweza kubishana bila kuuvuruga ukurasa wenyewe.

Sehemu hiyo ya kuhifadhi, inayoitwa historia ya ukurasa, ndiyo inayonifanya niandike barua hii, na nitaieleza kwa saikolojia ile ile tunayoifundisha.

Sote tunamfundisha Ringelmann. Mhandisi huyo Mfaransa aliwavutisha watu kamba, mmoja mmoja na kisha kwa vikundi, akakuta kwamba kadiri kikundi kinavyokua ndivyo nguvu ya kila mtu inavyopungua. Mwaka 1979 wanasaikolojia wa Marekani Latané, Williams na Harkins walirudia jambo hilo kwa kuwaambia wanafunzi wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote. Ndani ya kikundi kila mtu alipunguza sauti. Tunalieleza hilo ubaoni, tunaliuliza kwenye mtihani, kisha tunatoka ukumbini na kugawa TP kwa vikundi vya watu ishirini! Lakini watafiti hao hao hawakuishia kwenye lawama. Mwaka 1981 walionyesha kwamba mtu anayejua mchango wake binafsi unaonekana hapunguzi nguvu hata akiwa kikundini. Uvivu tunaowalaumu nao vijana wetu kila mwaka unatokana kwa sehemu kubwa na jinsi tulivyoipanga kazi yenyewe. Tumewapa kazi ambayo ndani yake mwenye bidii na asiye nayo hawatofautiki.

Mama zetu wa mitaa ya Katuba na Kenya hapa mjini, wanaocheza likelemba (mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu), wanalijua hilo bila Ringelmann. Daftari linawekwa wazi mbele ya wote, kila jina na alichotoa, na ndiyo maana fedha inafika. Historia ya ukurasa ni daftari hilo.

Kwa idhini ya profesa mwenye somo, tulilijaribu jambo hili na promosheni moja katika saikolojia ya makuzi. Niruhusuni niwaonyeshe ukurasa mmoja tu, ule wa mshikamano wa mtoto na mlezi.

Toleo la kwanza lilikuwa mistari sita kutoka kwenye silabasi: watafiti wawili wa mshikamano, Bowlby na Ainsworth, aina za mshikamano, basi. Siku ya pili mwanafunzi mmoja aliongeza jambo ambalo silabasi haikuwa nalo kabisa, kwamba Mary Ainsworth, kabla ya utafiti wake maarufu wa Baltimore, alianzia Uganda. Mwaka 1954 na 1955 alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao nyumbani mwao, na matokeo akayachapisha mwaka 1967. Mwanafunzi huyo aliandika kwenye majadiliano: «Kwa nini hatukuambiwa kwamba ilianzia hapa jirani?» Hapo ndipo ukurasa ulipoanza kuishi. Msichana mmoja akaandika kwamba kwao mtoto anabebwa mgongoni na dada mkubwa tangu asubuhi mama akiwa sokoni, na akauliza ikiwa mtoto huyo ana mlezi mmoja au wawili. Kijana mwingine akafuta sentensi iliyosema mtoto «anahitaji» mlezi mmoja tu. Aliyeiandika akairudisha. Ikafutwa tena. Niliwaambia wasiguse ukurasa mpaka wakubaliane kwenye majadiliano, kila mmoja akileta chanzo. Walibishana juma zima, kwa Kifaransa na Kiswahili vikichanganyika, na mwisho ikabaki aya moja iliyokaa sawa, inayosema Bowlby alifikiri nini, Ainsworth aliona nini Uganda, na swali gani bado liko wazi. Waliokuwa wakinyamaza ukumbini, hasa wasichana wanaokaa viti vya nyuma, walikuwa kati ya walioandika zaidi. Sitasema kwamba jaribio moja linathibitisha kila kitu. Lakini sijawahi kuona TP ikizaa mabishano ya namna ile kuhusu sentensi moja.

Kuna sababu nyingine ya kujali jambo hili katika mji wetu kuliko kwingine. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett aliwahesabu watu waliofanyiwa utafiti katika majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani kati ya 2003 na 2007, akachapisha jibu mwaka 2008: asilimia 68 walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda. Hiyo ndiyo saikolojia iliyomo katika silabasi zetu. Na mara mtu wa Katanga alipoingia humo, aliingia akipimwa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na pedagojia hapa hapa Lubumbashi, wakati huo ukiitwa Élisabethville, na wafanyakazi wa migodi pamoja na watoto wao walipewa vipimo vilivyotungwa na wengine, majibu yakaandikwa na wengine, yakasomwa Ulaya. Wajukuu wa watu hao ndio wanaokaa leo katika kumbi zetu. Mimi naona aibu tunapowalea wawe wakariri wa fotokopi. Wanajua mengi ambayo hayajaandikwa popote: namna msiba unavyobebwa na ukoo mzima, namna kijana aliyerudi kutoka shimo la uchimbaji anavyoogopa kulala, namna familia inavyoanza kwa mchungaji au mganga kabla ya kumfikiria mwanasaikolojia. Wakiyaandika kwa uangalifu, wakilinganisha na vitabu, wakasahihishwa na wenzao na kisha na nyinyi, baada ya promosheni chache mtakuwa na kitu ambacho hakuna chuo cha ng'ambo kinachoweza kutuletea.

Lakini hapa pana hatari moja, nami nataka nikae juu yake, maana ni ya saikolojia peke yake. Somo la historia au la kemia halina hatari hii.

Wanafunzi wetu wanakwenda stage, yaani mafunzo ya kazi, hospitalini na katika vituo vya afya. Wanasikia mambo mazito. Katika jaribio letu, mwanafunzi mmoja mwenye nia njema kabisa aliandika mfano wa huzuni ya muda mrefu kutokana na mama aliyemjua. Hakutaja jina. Alitaja avenue (barabara anakoishi), kazi ya marehemu mume, idadi ya watoto na kanisa. Mtu yeyote wa mtaa huo angemtambua kabla ya kumaliza kusoma. Nilimwita, tukazungumza, akaelewa mara moja na akaumia sana. Mfano ukafutwa. Sasa sikilizeni vizuri, waheshimiwa: katika wiki, kufuta ukurasani hakutoshi. Toleo la zamani linabaki katika historia, na mwenye akaunti yeyote anaweza kulifungua. Katika programu tuliyoitumia, DokuWiki, matoleo hayo yanahifadhiwa katika folda ya pembeni iitwayo attic, na ilibidi msimamizi aingie humo ayaondoe kwa mkono. Asiyejua hilo atadhani siri imelindwa, kumbe iko pale pale.

Kwa hiyo naomba kanuni hii iandikwe na kubandikwa kwenye valve, ubao wa matangazo, kabla ya akaunti ya kwanza kufunguliwa: hakuna kisa cha mgonjwa, cha jirani wala cha ndugu kitakachoingia katika wiki, hata bila jina. Mifano itatungwa, na itaandikwa wazi kwamba imetungwa, au itatoka katika vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Asistanti atakuwa na ruhusa ya kuondoa matoleo ya zamani papo hapo, bila kusubiri kikao. Na wiki itafungwa kwa watu wa nje. Ikiwa siku moja mtataka kuifungua kwa umma, hilo liamuliwe ukurasa kwa ukurasa. Kanuni hiyo yenyewe ni somo zuri la siri ya kazi, pengine la kwanza ambalo wanafunzi watalifanya kwa vitendo kabla ya kukaa mbele ya mtu mwenye maumivu.

Nije kwenye alama, kwa sababu najua ndilo swali la kwanza litakaloulizwa kwenye baraza. Msikubali mtu yeyote awashauri kuhesabu idadi ya marekebisho au ya maneno. Mkifanya hivyo, juma la pili tu mtakuta watu wamehamisha koma mara hamsini. Alama zitoke mahali patatu. Kwanza, mwanafunzi achague michango yake michache anayoiona bora, aipeleke kwa asistanti pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini alibadilisha alichobadilisha. Historia itathibitisha ni yake. Pili, jinsi alivyosahihisha kazi ya mwenzake na alivyojibu katika majadiliano. Tatu, na hili msiliache, dakika chache za maswali ya mdomo juu ya ukurasa alioufanyia kazi. Maswali ya mdomo yanatibu pia ugonjwa mpya, wa wale wanaobandika maandishi yaliyotungwa na mashine. Mtu akileta maneno mia nane kwa mkupuo mmoja saa saba za usiku, bila kosa na bila swali, historia inakuonyesha. Haikupi ushahidi wa kumhukumu, ila inakuambia wa kuanza naye kwenye maswali ya mdomo ni nani.

Na sitaki mtihani wa mwisho ufutwe. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya juma moja, waliojipima kwa kujikumbusha wanakumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano tu waliosoma tena ndio wanaoonekana kushinda. Tulitumia hilo: chini ya kila ukurasa wanafunzi waliandika maswali ya kujipima, na yaliyo bora yalichaguliwa kwa ajili ya interrogation, jaribio la darasani. Walipojua kwamba maswali yao yanaweza kutoka, waliyaandika kwa makini ambayo sikuwahi kuyaona kwao.

Mtaniambia kuhusu umeme na mega, yaani data ya intaneti. Ni kweli, umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakatika tunavyojua sote, na mwanafunzi anayetembea kutoka mtaa wa Ruashi kuokoa nauli hawezi kununua mega kila siku. Ndiyo maana sikupendekeza kitu cha kwenye intaneti. DokuWiki, iliyotungwa na Andreas Gohr mwaka 2004, ni ya bure, inahifadhi kila ukurasa katika faili la maandishi matupu bila kuhitaji hifadhidata, na inakaa vizuri kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye betri inayofanya kazi. Ukiiunganisha na ruta ndogo ukumbini, simu zote za mle ndani zinaifungua kwa wi-fi bila mega hata moja. Jioni folda nzima inanakiliwa kwenye flash mbili, moja kwa asistanti na nyingine kwa sekretariati ya kitivo. Kwenye kompyuta hiyo hiyo tuliweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, na Wikipedia ya Kifaransa yote, kwa hiyo mwanafunzi alikuwa na mahali pa kuanzia hata siku ambazo mtandao wa mji mzima ulikuwa chini. Asiye na simu janja alifanya zamu kwenye kompyuta yenyewe, au aliandika kwenye karatasi na mwenzake akaingiza, wakitaja hivyo kwenye majadiliano. Vifaa ni hivyo tu. Katika ofisi zenu nyingi kompyuta ya namna hiyo ipo, imefunikwa kitambaa.

Sasa nitazungumza kuhusu fedha za silabasi, kwa kuwa zikinyamaziwa hapa zitazungumzwa kwenye korido. Kuna maprofesa ambao mauzo ya silabasi yanawaongezea mshahara usiotosha, tena unaochelewa. Siwadharau, najua kodi ya nyumba na minerval ya watoto wao vinavyowabana. Lakini mzigo huo haukupaswa kubebwa na kijana wa mwaka wa kwanza, na wizara imekwisha kukataza mara kadhaa kumlazimisha mwanafunzi kununua. Wiki haimnyang'anyi profesa maandishi yake. Akitaka silabasi yake ibaki kitabu chake, ibaki, na wiki iwe juu yake, yenye maelezo, mifano, maswali na masahihisho. Na pale profesa anapokubali maandishi yake yawe msingi wa kurasa, naomba kitivo kimhesabie saa za kuyaandaa kama saa za kazi na kumlipa kwa uwazi. Vivyo hivyo kwa maasistanti. Kusoma historia ya kurasa za promosheni kubwa kunakula jioni nyingi. Msipolihesabu hilo, wiki itakufa mwezi wa tatu, na watakaolaumiwa ni wanafunzi.

Mfumo wa LMD, ule wa shahada za licence, master na doctorat, unawapa njia ya kufanya hivyo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 ulipoanza kutumika kwa wote, krediti inahesabu pia kazi binafsi ya mwanafunzi nje ya ukumbi. Kwenye makaratasi tunaandika saa hizo. Katika hali halisi hakuna anayejua zilifanywa au la. Wiki ni mahali ambapo zitaonekana.

Kuhusu lugha, naomba msiwakatalie Kiswahili. Mtihani ni wa Kifaransa na utabaki hivyo. Lakini Katiba inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha hizo katika ufundishaji. Mwanasaikolojia wa kesho atakaa mbele ya mama wa mtaa wa Kamalondo ambaye hatamwelezea huzuni yake kwa Kifaransa. Mwanafunzi aliyekwisha kulieleza jambo kwa Kiswahili katika wiki, na wenzake wakamwambia hapa hueleweki, siku hiyo hatababaika.

Waheshimiwa, kutoka kwenu nahitaji maamuzi machache, na hayahitaji kusubiri Kinshasa. Masomo yote hayawezi kuanza pamoja, kwa hiyo chagueni somo moja kwa kila kitivo kwa mwaka wa kwanza wa jaribio; mimi ningeanza na saikolojia ya makuzi au saikolojia ya jamii, kwa sababu humo kila mwanafunzi ana la kusema. Mteueni asistanti mmoja msimamizi na mmoja wa kumsaidia, wasiwe wa chuo kimoja, ili wasahihishane. Wapeni kompyuta, ruta na kabati linalofungwa. Pitisheni kanuni ya siri kabla ya yote. Vikundi vya TP visizidi watu watano. Na mwisho wa mwaka waiteni mashefu wa promosheni, viongozi wa wanafunzi, mbele ya baraza waseme wenyewe kilichowasaidia na kilichowachosha, kabla ya sisi wakubwa kuandika ripoti.

Wiki ya jaribio letu, ikiwa imeondolewa majina ya wanafunzi, iko kwenye flash niliyo nayo. Niko tayari kuja kuifungua mbele ya baraza lolote la kitivo, siku mtakayoipanga, mradi iwe kabla ya ratiba ya muhula wa kwanza kubandikwa, kwa sababu ikishabandikwa tutakuwa tumeupoteza mwaka mwingine.

Nabaki wenu katika kazi,

Asistanti wa saikolojia,
Lubumbashi